Gramu na Sufuria: Mwongozo Kamili kwa Mwanachuo wa Lishe Anayejiandaa kwa Kazi, Kutoka Kigoma

Vyuo vikifunga muhula wa pili, halmashauri na hospitali za mkoa wa Kigoma hupokea wanafunzi wa shahada ya lishe waliokuja fildi. Wengi wao wako vizuri darasani. Muulize njia ambayo mwili unavunjia sukari, atakuchorea hadi mwisho. Muulize mahitaji ya madini chuma kwa mjamzito, atakutajia miligramu. Halafu anaingia mama kutoka Mwandiga na mtoto wa miezi kumi mgongoni, anasema: "Nyumbani kuna unga wa muhogo, mawese na dagaa kidogo. Nimpikie nini huyu?" Mwanafunzi anaanza kuhutubia kuhusu mlo kamili.

Mama hakuuliza mlo kamili ni nini. Chuo kinakufundisha gramu, kazi inakuuliza sufuria, na anayepata kazi na kudumu nayo ni yule anayeweza kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila kujikwaa. Hayo ndiyo ninayotaka kuyapanga hapa, tangu mwaka wa kwanza hadi siku ya usaili. Mifano ni ya Kigoma kwa sababu ndiko niliko, lakini wa Tabora akiweka michembe (viazi vitamu vikavu) na karanga mahali pa muhogo na dagaa, atafika kulekule.

Hatua ya kwanza: zijue kazi zenyewe

Wanafunzi wengi wanaingia wakidhani kuna kazi moja tu, ya kukaa hospitalini na kuandikia watu milo. Ipo, ila si kubwa kuliko nyingine.

Mwajiri anayefahamika zaidi ni halmashauri. Afisa lishe wa halmashauri anashinda kwenye mipango na ufuatiliaji kuliko kwenye chakula chenyewe. Anaandaa kikao cha kamati ya lishe kila robo mwaka, anafuatilia kama zile shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano zimetengwa kutoka mapato ya ndani na kama kweli zimetoka, anasimamia wahudumu wa afya ngazi ya jamii, anapanga Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, na mwezi Juni na Desemba anahangaika na matone ya vitamini A na dawa za minyoo. Mkataba wa lishe unaoanzia ngazi za juu serikalini na kushuka hadi kwa watendaji wa kata na vijiji unamfanya awe mtu wa kuulizwa namba kila wakati. Kama hupendi vikao na bajeti, fahamu mapema.

Hospitalini kazi ni ya mgonjwa mmoja mmoja: mtoto mwenye utapiamlo mkali, mama mwenye kisukari cha mimba, mzee wa figo, aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa utumbo. Hapa unahitaji subira, na ujasiri wa kuzungumza na daktari bila kunyenyekea kupita kiasi na bila ubishi.

Kigoma ina mlango wa tatu ambao mikoa mingi haina. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ipo tangu 1996. Mashirika yanayohudumia wakimbizi kutoka Kongo na Burundi yanahitaji watu wa lishe wanaojua kupima, kugawa na kuripoti. Anayezungumza Kiha ana mtaji ambao hauandikwi kwenye cheti chochote, maana Kiha na Kirundi vinasikilizana. Ukiongeza Kifaransa cha kuombea maji tu, tayari umewapita wengi.

Kisha kuna viwanda vya chakula, utafiti na biashara yako mwenyewe. Nitarudi kwenye biashara huko chini, kwa sababu nina neno na watu wa unga lishe.

Hatua ya pili: miaka miwili ya kwanza, nunua mizani

Kemia, baiolojia na takwimu usizichezee. Aliyetoka kidato cha sita na CBN (kemia, baiolojia na lishe) anaweza kujiona yuko mbele kwa sababu lishe aliisoma, lakini wenzake wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) humfikia haraka kama hakazani na biokemia. Hilo mhadhiri wako atakuambia vizuri kuliko mimi.

Mimi nakuambia ununue mizani ndogo ya jikoni, ile ya betri inayoonyesha gramu, na kikombe cha plastiki chenye alama za mililita. Likizo ukirudi nyumbani, pima. Kijiko cha chai cha mawese kina gramu ngapi? Kijiko cha chakula cha dagaa waliosagwa? Unga wa kikombe kimoja cha uji wa bibi, ule mwepesi, na wa kikombe cha uji mzito? Mwiko mmoja wa ugali wa muhogo? Fungu la dagaa la pale mwalo wa Kibirizi, ukiondoa mchanga? Andika yote kwenye daftari moja. Daftari hilo utalitumia kuliko kitabu chochote cha chuo.

Sasa turudi kwa yule mama wa Mwandiga. Mtoto wa miezi tisa hadi kumi na moja anayenyonya vizuri anahitaji takribani kilokalori 300 kwa siku kutoka kwenye chakula, nje ya maziwa ya mama. Tumbo lake ni dogo: mlo mmoja ni kama nusu ya kikombe cha mililita 250. Tuseme mama anapika uji mwepesi wa muhogo ambao nusu kikombe kinabeba gramu 12 za unga. Hizo ni kama kilokalori 40. Akimpa mara tatu kwa siku ni 120, akimpa mara nne ni 160. Hajafika hata robo tatu ya safari. Protini ndiyo usiseme, kwa sababu unga wa muhogo una gramu moja au mbili tu kwa kila gramu 100, wakati wa mahindi unafika nane hivi.

Ongeza kijiko cha chai cha mawese: kilokalori 40 hadi 45. Ongeza nusu kijiko cha chakula cha dagaa waliokaangwa kidogo, wakasagwa na kuchekechwa, kama gramu 5: kilokalori 17 au 18 na protini gramu 3. Nusu kikombe kilekile sasa kina kilokalori mia moja na kidogo. Mara tatu kwa siku, 300 imetimia, na rangi nyekundu ya mawese imeleta vitamini A ambayo uji mweupe haukuwa nayo.

Hakuna kilichonunuliwa. Vyote vitatu mama alivitaja mwenyewe mlangoni. Ukiweza kufanya hesabu hiyo kichwani huku unamwangalia usoni, kisha ukamwambia "mama, kijiko kimoja cha chai cha mawese na nusu kijiko cha chakula cha dagaa kila ukimpikia, na uji uzidi uzito kidogo", umefanya kazi ya lishe. Fanya zoezi hili kwa vyakula vya kwenu kila likizo, hadi lisikupe shida.

Hatua ya tatu: mikono ijue kupima

Kipimo kibovu kinampeleka mtoto mzima kwenye programu ya matibabu, na anayeumwa kinamrudisha nyumbani. Utepe wa mkono kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 una rangi tatu: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali, 11.5 hadi chini ya 12.5 ni njano, utapiamlo wa kadiri, kuanzia 12.5 ni kijani. Hayo kila mtu anayakariri. Kinachoharibika ni mkono wenyewe. Pima mkono wa kushoto, tafuta katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko huku mkono umekunjwa, weka alama, kisha acha mkono uning'inie umelegea ndipo uzungushe utepe. Wanafunzi wanakaza utepe kana kwamba wanafunga mzigo wa kuni. Utepe uguse ngozi bila kuibonyeza.

Kabla ya kufurahia kijani, angalia nyayo. Bonyeza kwa dole gumba juu ya miguu yote miwili kwa sekunde tatu, uachie. Shimo likibaki pande zote mbili, huyo ni mgonjwa wa utapiamlo mkali hata kama utepe umesema kijani. Watoto wa namna hii wanaonekana wanene, na mama akiambiwa mtoto anaumwa anashangaa.

Urefu: aliye chini ya miaka miwili analazwa kwenye ubao, mwenye miaka miwili na zaidi anasimama. Ukilazimika kumsimamisha wa kulala au kumlaza wa kusimama, kuna sentimita 0.7 ya kuongeza au kupunguza. Mnapima watu wawili, mmoja kichwani, mmoja magotini. Usimpime mtoto akiwa na viatu na suka nene kichwani, halafu ukashangaa kwamba mwezi huu amefupika.

Jizoeze na mwenzako: pimeni watoto kumi walewale, kila mmoja kivyake, mara mbili, kisha mlinganishe. Mkitofautiana sana, rudieni. Kwenye tafiti kubwa wapimaji huchujwa kwa njia hii kabla ya kwenda uwandani, kwa hiyo ukiwa umeshaizoea utapata vibarua vya utafiti ukiwa bado mwanafunzi.

Hatua ya nne: jifunze kuuliza

Hapa ndipo mwanafunzi mwenye alama nzuri anapoangukia, na hakuna mtihani wa chuo unaomwonyesha. Sikiliza mazungumzo ya aina hii, yanafanyika kila kliniki:

"Mama, mtoto unamlisha nini?"

"Namlisha vizuri tu."

"Unazingatia makundi yote ya vyakula?"

"Ndiyo, dokta."

Mama ameondoka na jibu ulilomtilia mdomoni. Sasa mwingine:

"Shikamoo mama. Huyu anaitwa nani? Ameamka saa ngapi leo? Alipoamka, kitu cha kwanza kilichoingia mdomoni ni nini?"

"Alinyonya. Halafu dada yake akampa uji uliobaki jana."

"Aliumaliza?"

"Alikula vijiko vitatu akakataa."

"Mchana?"

"Mchana nilikuwa shambani. Sijui, labda bibi yake alimpa ugali."

Katika majibu matatu umejua kwamba anayelisha ni dada na bibi, uji ni kiporo, na mtoto hana hamu ya kula. Ushauri wako lazima umfikie bibi, la sivyo umepoteza muda. Njia hii ya kufuata masaa 24 yaliyopita ina jina na fomu yake chuoni, lakini isipokuwa mazungumzo inakuwa polisi na mtuhumiwa.

Umri wako pia ni suala. Una miaka 23, hujazaa, na mbele yako amekaa bibi aliyelea watoto wanane. Msalimie kwa heshima, muulize wao zamani walikuwa wanamwachisha mtoto ziwa kwa chakula gani, usikilize kweli, ndipo uongeze lako. Ukimwanza kwa "bibi, hiyo ni imani potofu", hutamwona tena, na mkwe wake hutamwona pia.

Hatua ya tano: fildi

Usisubiri chuo kikupange tu. Andika barua mapema kwa mkurugenzi wa halmashauri au mganga mfawidhi wa hospitali unayoitaka, kupitia chuo chako, ukisema unataka kujifunza nini hasa. Ukitaka kambini, anza mapema zaidi, kwa sababu kuingia kambi ya wakimbizi kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi.

Wiki ya kwanza jitambulishe kwa watu wanaofanya kazi, si kwa wakubwa pekee. Sista wa kliniki ya mama na mtoto, mpishi wa hospitali, mhudumu wa afya wa kijiji, mtunza stoo ya chakula dawa, kile cha kutibia utapiamlo. Mpishi hasa. Mlo wa mgonjwa unaouandika kwenye faili hupikwa na yeye, na kama hana sufuria ya pili ya kupikia chakula cha chumvi kidogo, andiko lako ni karatasi tu. Wanafunzi wanaopita jikoni kila asubuhi wanajifunza mambo ambayo hayamo kwenye logibuku.

Logibuku lenyewe lijaze kila siku. Kuna mtindo wa kulijaza siku mbili za mwisho kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, kisha kumwomba msimamizi asaini kurasa zote kwa mkupuo. Sisi tunaosaini tunaliona.

Ukiwa wadini, kaa na mtoto mmoja mwenye utapiamlo mkali tangu alipolazwa hadi alipotoka. Mfuate huyo huyo. Utaona kwa nini anaanza na F-75, maziwa maalumu ya tiba yenye kilokalori 75 tu kwa mililita 100, kidogo kidogo kila baada ya masaa mawili au matatu, usiku na mchana. Ndugu wanaleta wali na nyama kwa upendo, wanaona hospitali inamnyima chakula mtoto aliyekonda. Wewe ndiye wa kuwaeleza kwamba mwili uliokaa na njaa muda mrefu umepunguza kasi ya kila kitu. Ukiujaza ghafla, fosfati, potasiamu na magnesiamu zinashuka kwenye damu, moyo unazidiwa, na mtoto anaweza kufa siku ambayo alianza kula. Hamu ikirudi na uvimbe ukianza kupungua ndipo anahamia F-100, maziwa yenye nguvu zaidi, au chakula dawa cha pakiti, ile ya gramu 92 yenye kilokalori 500. Ukiweza kumweleza bibi jambo hilo kwa maneno yake mwenyewe na bibi akairudisha sahani ya wali kwenye kapu, usaili wowote wa hospitali hautakusumbua.

Kwa wagonjwa wazima, kisukari ndicho utakachokutana nacho zaidi. Usiwakataze ugali. Watakudanganya kwamba wameacha. Zungumza nao kuhusu ukubwa wa tonge, maharage na mboga kujaa sahani kwanza, na soda.

Hatua ya sita: utafiti wa mwaka wa mwisho

Nimechoka kusoma "Uelewa wa akina mama kuhusu lishe katika kata fulani". Majibu tunayajua: uelewa wa kadiri, elimu iongezwe.

Kigoma imejaa maswali ambayo hayajachoka. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Kaya za mwaloni zilikula nini badala ya dagaa na migebuka, na waliokula maharage ni akina nani? Mawese yanayouzwa kwenye chupa angavu barabarani yanapigwa na jua siku nzima, na vitamini A haipatani na mwanga wala moto mkali. Baada ya wiki mbili kinabaki kiasi gani? Uvinza kunatengenezwa chumvi tangu enzi za mababu. Chukua kitendanishi cha matone, pita nyumba kwa nyumba uone chumvi ipi inageuka rangi kuonyesha madini joto na ipi haigeuki. Utafiti wa namna hii unaweza kuufanya kwa nauli ya bodaboda, na afisa lishe wa wilaya atakuita uuwasilishe kwenye kamati.

Hatua ya saba: kutafuta kazi

Ajira za serikali zinapita kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira. Fungua akaunti ukiwa mwaka wa mwisho, hakikisha jina kwenye cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na kitambulisho cha taifa ni lilelile herufi kwa herufi. Wanaotolewa kwa sababu ya jina si wachache.

Usaili wa mchujo ni wa kuandika. Soma mpango jumuishi wa taifa wa lishe, fahamu Taasisi ya Chakula na Lishe iliyoanzishwa 1973 inafanya nini, na uwe na picha ya nchi: udumavu kwa watoto wa chini ya miaka mitano ulikuwa asilimia 34 kwenye utafiti wa 2015/16, ukashuka hadi 30 mwaka 2022, na Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayolisha wengine, ndiyo iliyokuwa juu. Ukiulizwa kwa nini, usijibu "elimu duni" ukaishia hapo. Taja kazi nyingi za shamba zinazomnyima mama muda wa kulisha, mlo wa nafaka pekee, magonjwa ya kuhara, mazao kuuzwa yote.

Usaili wa ana kwa ana utakuuliza umefanya nini. Kwenye wasifu wako usiandike "nilishiriki shughuli za lishe". Andika ulipima watoto wangapi, ulisimamia jiko gani, ulitengeneza ripoti ipi. Jifunze pia jinsi halmashauri inavyopanga bajeti kwenye mfumo wa PlanRep, hata kwa kukaa pembeni ya ofisa mipango siku mbili. Wagombea wengi wa lishe hawajui hata jina lake.

Kujitolea baada ya kuhitimu ni jambo la kawaida, na linasaidia, lakini weka kikomo na mwenyeji wako tangu mwanzo: kazi gani, muda gani, nani atakuandikia barua ya utambulisho.

Sasa wenye biashara. Unga lishe wa "nafaka kumi na mbili" ni hesabu ya soko, si ya lishe. Mahindi, mtama, ulezi, mchele, ngano vyote ni kundi moja. Kinachouinua uji ni kunde, dagaa au mafuta. Soya isipokaangwa vizuri au kuchemshwa ina kizuizi kinachozuia protini isisagwe tumboni, na karanga zilizohifadhiwa vibaya zinabeba sumukuvu. Mwaka 2016 watu waliugua na kufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu kwenye mahindi. Ukiwa na shahada ukauza unga, watu wataununua kwa kuiamini shahada hiyo. Nunua malighafi kavu, chambua kwa mkono, kaanga soya, tengeneza kidogo kidogo, na nenda SIDO wakuelekeze kabla ya kuomba alama ya TBS, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia usalama wa chakula.

Wanaotazama nje ya nchi wapange mapema. Kenya ina taasisi yake ya kisheria inayosajili wataalamu wa lishe, na bila usajili huo hufanyi kazi. Uingereza jina la dayatishani, yaani mtaalamu wa milo ya wagonjwa, linalindwa na sheria. Marekani, tangu Januari 2024, shahada ya kwanza haitoshi tena kufanya mtihani wa usajili. Inatakiwa ya uzamili pamoja na mafunzo ya vitendo chini ya usimamizi. Kwa hiyo kama ndoto yako ni huko, tunza muhtasari wa kila somo ulilosoma na saa zote za vitendo zilizosainiwa na kugongwa muhuri, kwa sababu watakaokutathmini watataka kuona saa hizo zilifanyika wapi, zikiwa za wadi, jiko au jamii, na kumwandikia msimamizi wako wa zamani miaka mitano baadaye ni kazi ngumu akiwa ameshahamishwa kituo.